Ukuta wa Silinda ya Tatu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo masikio hunipata moto. Ilikuwa Jumamosi, mjini Bungoma, katika karakana ya mjomba wangu, nami nilikuwa msichana wa rika lako, mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Siku hiyo nilisema kweli tupu, kweli ambayo hakuna fundi angeweza kuipinga, na kweli hiyo nusura iwapeleke watu wawili kaburini. Kaa hapa karibu na benchi nikusimulie. Hiyo bloku ya injini uliyoniletea isogeze pembeni, haitakimbia.

Sisi Wabukusu ndugu wa mama tunamwita khocha, na khocha si mtu wa kuchezewa. Wangu aliitwa Wanjala. Alikuwa mfupi, mpole, mwenye kofia ya sufi aliyoivaa hata jua likiwaka, na alikuwa na mashine ya kupanulia silinda iliyowafanya wakulima wamfuate kutoka Chwele hadi Malaba. Trekta likichoka, lori likianza kula oili, injini ililetwa kwake. Mimi nilipomaliza shule nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana. Siku moja akaniomba nimshikie taa, siku nyingine nimsomee kipimo, na kabla mama yangu hajajua la kusema nikawa nimevaa ovaroli. Watu walicheka. Ati msichana anataka kukereza chuma! Khocha aliwajibu kwamba chuma hakiulizi nani amekishika, kinauliza tu kama ametulia.

Basi akaja Njoroge. Huyu alikuwa kijana wa Kibomet, kule Kitale, wa familia iliyohamia Trans-Nzoia kutoka Kiambu kulima mahindi na viazi. Alikuwa na gari la turbo na wazimu wa mashindano. Turbo unaijua, mwanangu: moshi wa injini hauachwi uende bure, unazungusha feni ndogo, nayo feni inashindilia hewa ndani ya silinda, hewa nyingi kuliko injini ingeivuta yenyewe. Ni kitu kizuri. Lakini gari la Njoroge lilikuwa na injini ndogo, na kila mwaka vijana walipokutana kushindana kupanda barabara ya murram, isiyo na lami, kuelekea Suam, lilifika kwenye kona moja juu ya Endebess likaishiwa na pumzi. Turbo ilikuwa haijaamka bado, na injini peke yake haikuwa na nguvu za kuivuta kona ile. Watu wa mlimani walikuwa wakija pale mapema kushika nafasi, maana walijua watalisukuma. Ikawa mchezo kwao.

"Nimechoka kusukumwa," Njoroge alimwambia Khocha siku aliyoleta injini. "Nataka uipanue mpaka mwisho. Silinda kubwa, pistoni kubwa, na krenki ya mkono mrefu ili pistoni ziende mbali zaidi. Halafu nataka izunguke juu kabisa, ilie mpaka Uganda waisikie."

"Yote hayo pamoja?" Khocha akauliza.

"Yote, Mzee."

Khocha alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena. "Tutapima kwanza," akasema, kisha akaniachia mimi kazi ya kupima. Usidhani alikuwa ananionea. Alikuwa ananiamini, na kuaminiwa ukiwa kijana ni pombe kali, mwanangu. Hulewesha.

Sasa elewa hapa. Ukitaka injini iwe kubwa, njia mojawapo ni kukwangua kuta za silinda kwa ndani ili pistoni pana iingie. Lakini nyuma ya ukuta kuna njia ya maji ya kupoza. Ukikwangua, ukuta unapungua. Chungu ukikikwangua sana kwa ndani kinapendeza macho, ila ukikiinjika motoni kinapasuka. Na kwa gari la turbo ni zaidi, kwa sababu kila mlipuko ndani ya silinda ni mkubwa kuliko kawaida. Nilichukua kalipa, kifaa cha kupimia unene chenye mikono iliyopinda, nikapima kila silinda juu, katikati na chini, pande zote. Ya kwanza nzuri. Ya pili nzuri. Ya tatu, upande mmoja, kalipa ikafumba kuliko nilivyotarajia. Ukuta ulikuwa mwembamba. Tangu kiwandani, chuma kilipomiminwa, upande mmoja ulipata zaidi na mwingine ukapunjwa. Kwa injini ya kwenda sokoni haikuwa na neno. Kwa alichokitaka Njoroge, ilikuwa kifo.

Nilirudia kupima. Nikarudia tena. Nilikuwa sahihi, na nilijua niko sahihi, na nilingoja kwa hamu siku ya kulisema.

Jumamosi hiyo Njoroge alikuja na marafiki wake, vijana wa Kitale waliovaa miwani ya jua, wanapiga soga na kugonga bodi ya gari. "Niaje, fundi wa kike!" mmoja akanisalimia. Njoroge akauliza, "Sasa, Naliaka, mmefika wapi na moto wangu?"

Nikasimama katikati ya karakana, kalipa mkononi. "Moto gani? Hii bloku yako ni takataka. Silinda ya tatu haina ukuta. Mtu anayejua magari angeona, lakini wewe unajua kukanyaga tu. Ukiipanua hii, itapasuka kabla hujafika hata hiyo kona wanakusukumia."

Mwanangu, vijana walicheka. Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. "Ati unajua kukanyaga tu! Bana, Njoro, umepatikana leo!" Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Nilidhani wanacheka wakiwa upande wangu.

Njoroge hakucheka. Uso wake ulifungika kama duka wakati wa msiba. Akawaambia wenzake wabebe bloku. "Kitale kuna mafundi," akasema. "Watu wanafanya kazi bila kuongea." Wakaipakia, wakaenda.

Khocha alikuwa kwenye kerezo, ile mashine ya kukerezea chuma, wakati wote huo. Aliizima. Karakana ilitulia mpaka nikasikia kuku wa jirani. Alikuja polepole akifuta mikono kwa kitambaa, nami nikajiandaa kusifiwa.

"Umepima chuma," akasema. "Umepima vizuri sana. Na mtu je, umempima?"

Sikuelewa.

"Huyo kijana," akaendelea, "atapeleka hiyo kitu kwa mtu hatapima. Watapanua. Atakanyaga. Na atakanyaga kwa nguvu zaidi kwa sababu wewe ulisema hawezi. Sasa niambie, ukweli wako umemsaidia nani?"

"Lakini Khocha, si nimesema kweli? Yeye ndiye amekasirika bure."

"Naliaka. Dawa hata ikiwa ya kweli, mgonjwa hamwagiwi usoni. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole linapona na chumvi. Wewe umejikwaa ulimi, na damu itakuwa ya mtu mwingine." Akaichukua kalipa mkononi mwangu, akaitia kwenye mfuko wake wa ngozi, akanirudishia. "Kesho mapema utaenda Kitale. Utamtafuta. Na usirudi kuniambia ulikuwa sahihi. Hiyo nimeshajua."

Nililia, sikufichi. Nilikasirika pia, kwa sababu hakuna kitu kinachouma kama kukemewa na mtu ambaye huwezi kumchukia. Siku hizi ungempigia mtu simu ukayamaliza. Wakati ule simu ilikuwa ya wakubwa. Asubuhi nikapanda lori la mfanyabiashara aliyekuwa akienda kuchukua mahindi, nikakaa mbele na dereva, mzee mcheshi aliyesema "Kitare" kama wengi wetu wa Bungoma tunavyosema. Tulipita Kamukuywa, tukapita Kiminini, mashamba ya mahindi yamesimama pande zote kama watu kanisani, na njia nzima nilikuwa nikitunga maneno ya kusema. Kila niliyoyatunga yalianza na "Lakini mimi nilikuwa..." Nikayatupa yote dirishani.

Kibomet niliuliza nyumba ya kijana mwenye gari la mashindano nikaonyeshwa mara moja. Mlangoni alikuwa msichana ameketi juu ya debe akimenya viazi. Alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akaona ovaroli.

"Wewe ndiye yule msichana wa Bungoma? Ule alimwambia gari yake ni takataka?"

"Ni mimi," nikasema. Nilitaka ardhi inimeze.

Akacheka kicheko kizuri, kisichokuwa na sumu. "Karibu. Mimi ni Wambui, dada yake. Tangu jana hajakula. Mama, njoo uone mgeni!"

Mama yao alinipa chai na githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, kabla ya kuniuliza shida yangu, na hilo peke yake lilinifunza jambo. Nikiwa nakula nikaona ukutani kofia mbili ngumu za mashindano zimetundikwa, moja kubwa, moja ndogo. Nikauliza ndogo ni ya nani.

"Yangu," Wambui akasema. "Si mimi ndiye humsomea njia? Yeye anaendesha, mimi namwambia kona inayokuja. Bila mimi angekuwa mtoni zamani."

Nikaiweka sahani chini, mwanangu. Kule Bungoma niliongea juu ya bloku ya chuma. Sikujua kwamba kando ya kiti cha dereva kuna kiti kingine, na kwamba kitakaliwa na binti huyu anayemenya viazi na kucheka.

Nilimkuta Njoroge nyuma ya ghala la mahindi, bloku iko juu ya magunia matupu. Hakunisalimia. Nilisimama kidogo, kisha nikasema, "Njoroge, jana nilikuaibisha mbele ya wenzako. Halikuwa jambo la heshima. Nisamehe."

Alingoja. Alijua kuna "lakini" inakuja. Haikuja. Nikaitoa kalipa kwenye mfuko wake nikamnyooshea.

"Sina neno lingine," nikasema. "Nitakuonyesha vile inashikwa. Pima mwenyewe."

Alisita. Nadhani kama ningeongeza neno moja angenifukuza. Mwishowe aliichukua. Nilimwonyesha jinsi ya kuishusha nyuma ya ukuta bila kuilazimisha, nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikageuka nikatazama kuku. Alipima ya kwanza. Alipima ya pili. Alipofika ya tatu alikawia. Akarudi ya kwanza, akaenda tena ya tatu. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Fundi wa hapa alikuwa aanze kesho," akasema kwa sauti ndogo. "Hakutaja kupima."

Nikaendelea kutazama kuku.

"Na Wambui angekuwa ndani." Akaketi juu ya gunia, akaiweka kalipa mapajani kama mtu aliyeshika ndege mchanga. Baadaye akaniuliza, "Sasa tufanye nini?" Hapo, mwanangu, ndipo kazi ilipoanza. Mtu akikuuliza tufanye nini, umempata. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, na wakati mwingine neno zuri kuliko yote ni kumpa mtu kifaa akashuhudia mwenyewe.

Tulichofanya ni kurudi kwa Khocha na kutafuta bloku nyingine. Khocha alisema vyuma vya aina ile vinapatikana Lwakhakha, mpakani, ambako vitu hutoka Uganda na vingine huenda. Tukaenda na pikapu lake, Khocha akiendesha, Wambui na Njoroge nyuma, upepo unawapiga. Muuza vyuma alikuwa mama mmoja wa upande wa pili, mnene, mchangamfu, na lugha yake ya Kimasaba na Kibukusu changu ni kama mtu na ndugu yake, kwa hiyo tulielewana bila mkalimani. Tulimwomba ruhusa ya kupima kabla ya kununua. Alishangaa, akasema wateja wake hupiga chuma teke wakisikiliza mlio. Siku nzima tulipima, Njoroge mwenyewe ameshika kalipa, anasoma kwa sauti, mimi naangalia bila kumsahihisha ila alipokosea kweli. Ya kwanza tuliikataa. Nyingine ilikuwa na ufa. Jua likielekea kuinama tukapata moja yenye kuta nene pande zote, silinda zote nne. Njoroge aliibusu, ikampaka grisi mdomoni. Mama wa vyuma alicheka hadi akalazimika kuketi.

Tuliporudi Bungoma, Khocha alituweka chini. "Bloku ni nzuri," akasema. "Lakini bado unataka mbili. Unataka pistoni iende mbali, na unataka ikimbie mbio sana. Kitu ikienda safari ndefu na bado unaifukuza irudi haraka, inachoka, inararua mkono wa pistoni, inatoka kwa ubavu wa injini. Mshika mbili moja humponyoka. Mnataka nini zaidi?"

Njoroge alifungua kinywa. Khocha akainua kidole. "Nimeuliza wote. Hata yule wa kiti cha kando."

Hakuna aliyewahi kumuuliza Wambui. Alifikiri kidogo. "Kona za Suam ziko karibu karibu," akasema. "Injini ikianza kulia juu kabisa, mimi nimeshataja kona ingine, na yeye anakanyaga breki. Hiyo kelele hatuitumii. Sisi tunakufa chini, injini ikiwa bado inazunguka polepole, tukitoka kwa kona. Tupeeni nguvu ya chini. Ya juu mtuongezee kidogo tu, pale kwa ule mnyoosho wa mwisho."

Khocha alivua kofia yake mbele ya msichana yule. Sijawahi kumwona akiivua kwa heshima ya mtu mwingine isipokuwa kanisani.

Basi tukaijenga hivyo. Tulipanua silinda kiasi, si mpaka mwisho. Krenki ndefu tukaiweka, ili injini iwe na kifua kikubwa na turbo iamke mapema. Mikono ya pistoni tukaitafuta ya chuma kilichofuliwa, tukaisawazisha uzito mpaka yote minne ikalingana. Springi za valvu tukaweka ngumu kidogo, ili izunguke juu kuliko zamani bila valvu kuelea, yaani kushindwa kufunga kwa wakati, na hapo tukasimama. Njoroge aliuliza mara moja tu kama hatuwezi kuongeza. Khocha akamwambia anaweza kuongeza siku yoyote, ila kupunguza baada ya injini kupasuka hakuna anayejua.

Kuna kazi moja ndani yake ambayo ni yangu, nami bado naionea fahari. Nilikuwa nimesikia Wambui akieleza jinsi wanavyorushwa kwenye kona, na nikajiuliza: oili nayo huenda wapi? Gari likilala upande, oili kwenye sampu, lile karai la chini ya injini, hukimbilia upande huo, pampu ikavuta hewa, beringi zikabaki kavu. Nikachomelea vibati ndani ya sampu, kama vyumba vidogo, oili isiweze kukimbia yote kwa pamoja. Khocha alimimina maji ndani, akaiinamisha huku na huku, akaitazama muda mrefu. "Hii nani amekufundisha?" "Hakuna," nikasema. "Nilimsikiliza Wambui." Akatikisa kichwa, akaenda kunywa chai. Ndiyo sifa kubwa niliyopata kwake mwaka ule.

Injini ilipowaka mara ya kwanza haikulia kama Njoroge alivyoota. Ilikuwa na sauti nzito, ya chini, kama mzee anayesafisha koo. Na bado tulimkataza kukanyaga. Injini mpya lazima izoeshwe, ringi za pistoni zikubaliane na kuta za silinda, kama maharusi wanavyozoeana. Kwa majuma kadhaa alikwenda na gari polepole hadi Kiminini na kurudi, malori ya mahindi yakimpita, wale marafiki wake wa miwani wakimpigia honi na kumcheka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Njoroge aliinama. Nilipokwenda Kitale kuikagua, nilimwona akipita na mkono wake dirishani, ametulia, nikajua kwamba si injini peke yake iliyokuwa ikizoeshwa.

Siku ya mashindano, mimi na Khocha tulikwenda kusimama palepale kwenye ile kona juu ya Endebess. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani na kuondoka, ardhi ina unyevu, na watu walikuwa wamejaa kingoni, akina mama na miavuli, wazee na fimbo. Chini kidogo ya kona vijana wa mlimani walikuwa wamekunja suruali. Kiongozi wao, jamaa mrefu aitwaye Ndiwa, aliniambia, "Sisi tunangoja ile ya Kibomet. Ile ni yetu. Kila mwaka tunaisukuma."

Magari yalipita moja moja. Kisha tukasikia ile sauti nzito ikipanda.  Nilimwaza Wambui ndani na kofia yake ndogo, anataja kona. Nilikumbuka kila nati niliyoikaza, nikashuku kila moja. Khocha alikuwa amenishika kiwiko bila kujua.

Likatokea. Likaingia kwenye kona, likalala upande, matope yakaruka. Ndiwa na wenzake wakashuka barabarani mikono mbele, kama kawaida yao. Na pale ambapo miaka yote injini ilikohoa, turbo ikavuta pumzi, ile filimbi yake nyembamba ikasikika, na gari likainuka kama mtu aliyeitwa jina lake. Likawapita. Waliruka kando, mikono bado iko mbele, wanasukuma hewa.  Halafu Ndiwa akapiga yowe, wote wakaanza kukimbia nyuma ya gari wakipanda mlima, wanashangilia, wanapiga miluzi, ungedhani ni wao waliolijenga. Akina mama walipunga miavuli. Khocha wangu, mzee mpole, alikuwa akirukaruka matopeni.

Hawakushinda, mwanangu. Walikuwa wa pili. Aliyeshinda alikuwa na gari bora na alishinda kihalali, na Njoroge alikwenda kumpa mkono. Lakini walirudi Kibomet kwa magurudumu yao wenyewe, bila kamba, bila kuvutwa. Jioni ile uani kwa mama yao, mbele ya wale wale marafiki, Njoroge alinishika bega akasema, "Huyu ndiye fundi alipima injini yangu. Wengine walitaka kuikata tu." Hakusema zaidi. Hakuhitaji.

Gari lile lilipanda mlima ule miaka mingi. Njoroge alipooa na kuingia kwenye kilimo, Wambui alihamia kiti cha dereva, na wapo watu Kitale watakaokuambia alikuwa bora kuliko kaka yake. Yeye ndiye aliyenitafutia nafasi ya karakana hii unayoiona, na kwa muda mrefu tuliiendesha pamoja, yeye akizungumza na wateja, mimi nikizungumza na chuma. Bado huja kila Alhamisi tukanywa chai na kubishana. Khocha alitangulia mbele za haki akiwa mzee sana, amelala kitandani kwake, wajukuu wamemzunguka.

Sasa wewe umekuja na bloku yako, na kwenye simu umeona vijana wa nchi za mbali wakipanua injini zao mpaka zinatema moto. Sikukatazi. Nani angenikataza mimi? Nakuambia tu: kabla hujakikata chuma, kijue. Amua unachokitaka kweli, wala usione haya kutaka kidogo, maana kidogo kinachodumu kinashinda kingi kinachopasuka. Muulize atakayeketi kando yako, maana naye ana mwili na ana mama. Na utakapokuwa fundi wa kweli, na nina imani utakuwa, utaona makosa ambayo wenzako hawayaoni. Usiyanyamazie kamwe, anayenyamaza ni mshirika. Ila mchukue mtu pembeni. Mheshimu kwanza, kisha umwonyeshe, na ikiwezekana aone kwa macho yake. Na ikitokea umempoteza kwa maneno yako, mfuate. Mfuate hata kama ulikuwa na haki, hata kama njia ni ndefu na chai ya kwao huijui. Kuwa na haki ni nusu ya safari tu. Nusu nyingine ni kumfikisha mwenzako.

Haya, simama, osha mikono, tuanze kupima. Mungu aliyetupa akili ya kuyeyusha mawe yakawa chuma akupe mkono uliotulia na jicho lisilodanganywa. Akupe marafiki wanaokuambia ukweli wakiwa wamekaa karibu nawe. Kila utakayempa gari afike nyumbani kwao salama, aliyemngoja amsikie akiingia. Na siku itakapofika, nawe umeota mvi, kijana mdogo aje kukuonyesha ulipokosea, Mungu akupe masikio, mwanangu, na akupe moyo wa kumwambia: karibu, keti, nionyeshe.